Kilatini kwa watoto wa gredi ya 5 Lamu: nianze na nini?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa gredi ya 5 katika shule moja kisiwani Lamu. Mwalimu mkuu ameniruhusu kuanzisha chama cha wanafunzi baada ya masomo, nami ningependa tujifunze Kilatini kidogo pamoja na habari za Warumi na Wayunani wa kale. Mimi mwenyewe Kilatini nimejifundisha kwa simu, sijafika mbali. Watoto hawa wana Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu cha chuoni, yaani madrasa. Je, nitawazidishia mzigo? Baadhi ya wazazi nao wameshaniuliza, hiyo si lugha ya kanisa? Na nikianza, nianze na nini?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, anza. Nimelitanguliza hilo usije ukasoma jibu lote hili huku moyo uko juu. Watoto wa Lamu wako tayari kwa Kilatini kuliko watoto wengi wa Uingereza wanaofundishwa lugha hiyo leo, na kilichowaandaa ni hizo hizo lugha unazohofia kuwa ni mzigo. Mtoto anayejua Kiingereza peke yake akifungua kitabu cha Kilatini hukuta mambo matatu mageni: kitenzi kinachombeba mtenda ndani yake, kivumishi kinachobadilika kufuata nomino, na nomino inayobadilika mwisho kulingana na kazi yake katika sentensi. Mwanafunzi wako mawili ya kwanza anayo tangu alipoanza kusema, na la tatu amelisikia chuoni kila siku. Wewe kazi yako ni kumwonyesha kwamba anayo.

Tazama kitenzi. Mtoto akisema "anapenda", mtenda yumo mle ndani, hahitaji neno jingine. Mrumi naye alisema amat, neno moja, na mtenda yumo. Sisi nafsi tunaitia mwanzoni mwa kitenzi, wao waliitia mwishoni. Andika ubaoni napenda, unapenda, anapenda, tunapenda, mnapenda, wanapenda, na kando yake amo, amas, amat, amamus, amatis, amant. Usieleze kitu. Waambie watoto wapige mstari chini ya kinachobadilika katika kila safu. Watakuletea -o, -s, -t, -mus, -tis, -nt wenyewe. Kisha wape porto, nabeba, uwaulize "tunabeba" itakuwaje. Wakisema portamus, wamekwisha kukigeuza kitenzi ambacho hawajawahi kukisikia, tena siku ya kwanza.

Amri ni rahisi zaidi. Simama, simameni, kaa, kaeni. Kilatini ni surge, surgite, sede, sedete. Pale tunapoongeza -ni kwa watu wengi, wao waliongeza -te. Wiki nzima ya kwanza ungeweza kuifanya kwa amri tu: simama, kaa, tembea (ambula), nyamaza (tace), njoo (veni). Mtoto mmoja anaamrisha, wenzake wanatenda, halafu zamu inapita kwa mwingine. Hapo hakuna daftari wala kalamu.

Vivumishi navyo vitawaingia upesi. Anayesema kisiwa kikubwa, upepo mkubwa, jiji kubwa bila kufikiri, hatashangaa kuambiwa insula magna, kisiwa kikubwa. Ventus magnus, upepo mkubwa. Oppidum magnum, mji mkubwa. Vitabu vya Ulaya huyaita makundi haya jinsia ya kike, ya kiume na isiyo ya yeyote, na mtoto hubaki akijiuliza kisiwa kimekuwaje mwanamke. Nakushauri uyaite ngeli ya -a, ngeli ya -us na ngeli ya -um, kama tunavyosema KI-VI au LI-YA. Si istilahi ya wanachuoni, lakini inamfikisha mtoto mahali anapotakiwa kufika.

Na wakifika kwenye neno nauta, baharia, watakutana na jambo linalowasumbua hata watu wazima. Umbo lake ni la ngeli ya -a, lakini baharia mwema ni nauta bonus, si nauta bona. Usiwape kanuni. Waulize kwa nini tunasema kijana mrefu na kiboko mkubwa, wala hatusemi kijana kirefu. Watakujibu kwamba umbo ni la KI-VI lakini upatanisho ni wa A-WA, maana hicho ni kiumbe hai. Basi ndivyo na nauta: Warumi walimwangalia mtu mwenyewe kuliko umbo la jina lake. Nina hakika utafurahi kuona jinsi watakavyolidaka hili.

Jambo la tatu ndilo gumu, nalo nataka tukae nalo. Asinus nautam videt: punda anamwona baharia. Ukipanga upya, nautam asinus videt, bado ni punda anayeona, kwa sababu mwisho wa neno ndio unaotaja nani anaona na nani anaonwa, si mpangilio. Badilisha miisho, asinum nauta videt, na sasa baharia ndiye anayeona, ingawa punda ametangulia. Nimechagua punda makusudi. Lamu hakuna mtoto asiyemjua punda, na sentensi kama asinus aquam portat, punda anabeba maji, haihitaji picha. Ipo nje ya dirisha.

Sasa, hili la miisho watoto wako wamelisikia wapi? Waandikie maneno matatu wanayoyatamka kila siku: Allahu akbar, inna Llaha, bismi Llahi. Jina ni moja. Mwisho wake umekuwa u, a, na i, kwa kuwa nafasi yake katika maneno si moja. Wanaosoma nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, huko mbele wataziita hali hizo rafu, nasbu na jarri, na wakifika kwenye kitabu cha sarufi cha Ajurumia watazikariri kwa utaratibu wake. Wa umri wa miaka 10 au 11 wengi hawajafika huko. Lakini sikio limeshazoea, na jambo ambalo sikio limelizoea halimwogofyi mtoto. Ningekuwa wewe, ningemwomba ustadhi wa chuo jirani aje siku moja, robo saa tu, awaonyeshe irabu za Kiarabu kwa neno kitabu: kitabun, kitaban, kitabin. Kisha wewe uandike nauta, nautam chini yake. Watoto wasiosoma chuo wakae na wanaosoma, waelezwe na wenzao. Wataelewa kupitia kwao.

Mwaka wa kwanza usipite miisho miwili: wa mtenda na wa mtendwa. Nautam, asinum, piscem, navem. Katika umoja wa maneno haya yote anayetendwa ana m mwishoni, na hiyo yatosha kujenga mamia ya sentensi. Vitabu vingi hupanga hali tano au sita kwenye jedwali moja na kumtaka mtoto aimbe lote. Ataimba, ndiyo, watoto wetu wamejaliwa kuhifadhi. Lakini mtoto aliyehifadhi jedwali na hawezi kusema "punda anakula" hajajifunza Kilatini.

Katika hili Warumi wenyewe wako upande wako. Quintilianus, aliyefundisha Roma katika karne ya 1 na kuandika vitabu 12 kuhusu malezi ya msemaji, alisema masomo ya mwanzo ya mtoto yawe mchezo, akapinga waziwazi kuwachapa wanafunzi, na akasifu desturi ya kuwapa watoto herufi zilizochongwa kwa pembe za ndovu wazichezee. Augustinus, Mwafrika wa Thagaste, mji ulio Algeria ya leo, anasimulia kwamba Kilatini alikipata bila hofu, katikati ya vicheko na michezo ya walezi wake, ilhali Kigiriki alikichukia kwa sababu alisukumiwa kwa vitisho na adhabu. Alikuwa mmoja wa waandishi wakubwa kabisa wa Kilatini, na Kigiriki hakukipenda kamwe utotoni. Hilo ningelibandika ukutani mwa kila darasa la lugha.

Matamshi. Vokali a, e, i, o, u zisome kama za Kiswahili, na hapo watoto wako wamewatangulia Waingereza, ambao huhangaika nazo. Kumbuka tu kwamba Kilatini kina vokali fupi na ndefu. C isome k daima, v isome w, ae isome ai. Mapadri wakisoma Kilatini hufuata matamshi ya Kiitaliano, ambapo c mbele ya e au i huwa ch. Nayo ni sahihi kwa njia yake, ila chagua moja na ushikamane nayo. Kosa litakalojirudia ni la mkazo. Ulimi wetu hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Kilatini hukaza hapo ikiwa silabi hiyo ni nzito, yaani ina vokali ndefu au imefungwa na konsonanti. Ikiwa si nzito, mkazo unarudi nyuma silabi moja. Kwa hiyo amámus ni sawasawa na mazoea yetu, lakini ni ínsula, ásinus, fábula. Usiwakatize wakikosea. Sema wewe vizuri, mara nyingi.

Nije kwa wazazi, maana swali lao ni la haki na linastahili jibu la kweli. Ndiyo, Kilatini ni lugha ya kanisa pia, usiwafiche. Kanisa Katoliki lilisali misa kwa Kilatini karne nyingi, hadi Mtaguso wa Pili wa Vatikano, 1962 hadi 1965, ulipofungua mlango kwa lugha za watu. Lakini Kilatini kilikuwa kikisemwa sokoni na baharini mamia ya miaka kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Tena Warumi si wageni katika dini ya watoto hao. Sura ya 30 ya Kurani inaitwa Ar-Rum, nayo inaanza kwa habari ya Warumi walioshindwa na ambao watashinda baada ya kushindwa kwao. Warumi hao ni wa dola ya mashariki, makao yake Constantinople, waliokuwa wakisema zaidi Kigiriki. Na mfalme wao, Heraclius, aliyetawala 610 hadi 641, ndiye Herekali.

Jina hilo la Herekali lisikupite. Mwaka 1728, huko Pate, kisiwa kilicho karibu na chenu, Mwengo wa Athumani alitunga Utendi wa Tambuka, unaoitwa pia Chuo (yaani kitabu) cha Herekali, mojawapo ya tenzi kongwe zaidi za Kiswahili tulizo nazo katika maandishi. Ndani yake mnapigwa vita kati ya Waislamu na majeshi ya Herekali. Ni kazi ya utungaji, si historia ya siku kwa siku, na hilo watoto waambiwe. Lakini wajue kwamba kaisari wa Rumi alishaimbwa kwa Kiswahili cha visiwa vyao karibu miaka 300 iliyopita. Ukipata mzee anayeghani tenzi, mlete darasani asome beti chache.

Waambie wazazi pia habari ya wafasiri. Baghdad, karne ya 9, Hunayn ibn Ishaq alifasiri vitabu vya tabibu Myunani Galenus, yule Jalinusi, kwa Kisiria na Kiarabu. Aristotle aliitwa na wanafalsafa wa Kiislamu "mwalimu wa kwanza". Kisha mambo yakageuka: katika karne ya 12, mjini Toledo, Gerard wa Cremona alifasiri kitabu cha Kanuni ya tiba cha tabibu Ibn Sina kutoka Kiarabu kwenda Kilatini, na madaktari wa Ulaya wakaisoma kwa mamia ya miaka. Mtoto anayesoma Kilatini anasoma lugha ambayo Ibn Sina alisomwa kwayo Paris na Bologna. Haya usiyatumie kama dawa ya kuwatuliza wazazi halafu ukayaacha. Yafundishe, maana ndiyo ulimwengu wa kale wenyewe ulivyofika kwetu.

Jambo moja usiwaahidi: kwamba Kilatini kitapandisha alama za Kiingereza. Ni kweli maneno mengi ya Kiingereza na ya sayansi yametoka huko, na pengine mtoto atafaidika. Lakini ukikiuza kwa sababu hiyo, mzazi atakuja muhula wa pili na karatasi ya mtihani mkononi. Sema tu kwamba ni elimu, na kwamba watoto wameipenda.

Sasa habari za ulimwengu wa kale. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuanza na Roma: vilima saba, Romulus na Remus, kisha orodha ya makaisari. Mtoto wa Lamu hana sababu ya kujali vilima hivyo. Anza na bahari iliyo mbele ya shule. Katikati ya karne ya 1, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika Kigiriki, jina lake halikuandikwa, alitunga kitabu kifupi cha kuwaelekeza mabaharia kiitwacho Periplus ya Bahari ya Erithrea. Ndani yake ameifuata pwani yetu, aliyoiita Azania, bandari baada ya bandari. Anataja visiwa vya Pyralaoi, ambavyo wataalamu wengi huviona kuwa ni visiwa vya Lamu. Anataja kisiwa cha Menouthias chenye mashua zilizoshonwa na mitumbwi ya gogo, na watu wanaovua kwa vikapu badala ya nyavu. Mwisho wa safari ni soko la Rhapta, ambalo anasema limepewa jina kwa sababu ya mashua hizo za kushonwa. Kutoka huko zilichukuliwa pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Zililetwa fumo, vishoka, visu na vitu vya kioo.

Hapo una masomo ya mwezi mzima. Mashua iliyoshonwa kwa kamba ni mtepe, na watoto waulize nyumbani nani amewahi kusikia habari zake. Vikapu vya kuvulia ni madema, na mvuvi anaweza kuja kueleza yanavyotegwa. Meli za Misri zilipanga safari kwa pepo za msimu, na watoto wako kaskazi na kusi wanazijua kwa ngozi. Waulize chombo kinachotoka kaskazini kije huku na kurudi kingeondoka miezi gani. Herufi za pembe za watoto wa Quintilianus zinakuja tena hapa, maana pembe zilizochongwa Roma zilitoka sehemu mbalimbali, na pwani hii ni mojawapo. Na kuna maneno ambayo ningependa uwasomee polepole: mwandishi anasema wafanyabiashara wa Mouza, huko Yemen, walituma manahodha na mawakala Waarabu waliozoeana na wenyeji kwa kuoana nao, na waliojua pwani hii na lugha yake. Karibu miaka 2,000 iliyopita! Kila mtoto darasani ana babu au bibi anayeweza kuanza hadithi kutoka hapo.

Tahadhari moja. Usiwaache wadhani kwamba Wagiriki au Warumi ndio walioijenga pwani. Walikuja kununua, kwa watu waliokuwepo, na miji yenu ina historia yake: Shanga, kisiwani Pate, ilianza katika karne ya 8, Roma ya magharibi ikiwa imekwisha kuanguka tangu 476. Chora mstari wa miaka sakafuni kwa chaki ili waone umbali huo kwa miguu.

Kutoka baharini ingia bara la Afrika. Wasimulie Kush, Sudan ya leo. Warumi walipoitwaa Misri mwaka 30 KK, haukupita muda mrefu malkia wa Kush, anayetajwa kwa kawaida kuwa Amanirenas, akawashambulia. Mwandishi Strabo anasema alikuwa na jicho moja. Majeshi yake yaliondoka na sanamu za kaisari Augustus. Mwaka 1910 wachimbaji walikuta kichwa cha shaba cha Augustus huko Meroe, mji wa Kush, kimezikwa chini ya kizingiti cha jengo, ili kila anayeingia amkanyage kaisari kichwani. Sasa kipo British Museum, London. Sijui mtoto anayesahau kisa hiki akishakisikia, hasa wasichana. Wasimulie pia Septimius Severus wa Leptis Magna, Libya, aliyekuwa kaisari kuanzia 193 hadi 211. Na Apuleius wa Madauros, Algeria, aliyeandika riwaya ya kijana aliyetaka kujigeuza ndege kwa uchawi akajikuta amekuwa punda, mwenye akili za mtu na masikio marefu, akipigwa na kutwishwa mizigo barabara zote. Ni riwaya pekee ya Kilatini iliyotufikia nzima. Ina sehemu zisizofaa watoto. Chukua zile za punda na uziseme kwa maneno yako. Baada ya hapo waulize punda wa Lamu angesimulia nini.

Utumwa usiuruke. Roma ilisimama juu ya watumwa, mashambani, migodini na jikoni, na ile Periplus inataja watumwa wakisafirishwa kwenda Misri kutoka pwani ya Somalia. Pwani yetu nayo ina kumbukumbu hiyo, na darasani mwako huenda wamo watoto wa pande zote za habari hiyo, kwa hivyo sema kwa upole lakini sema. Terentius aliyeitwa Afer, yaani Mwafrika, aliletwa Roma akiwa mtumwa, kwa mujibu wa waandishi wa kale, akaachwa huru, na michezo yake sita ya kuigiza iliyochezwa kati ya 166 na 160 KK ikawa kitabu cha kusomea Kilatini kwa vizazi na vizazi. Mtoto apate kuona mtu pale, siyo neno "watumwa" tu.

Mwandiko wenyewe wa kale uwaonyeshe mapema. Kaskazini mwa Uingereza, kwenye ngome ya Vindolanda, zimechimbwa barua zilizoandikwa kwa wino juu ya vibao vyembamba vya mti, mwaka wa 100 hivi. Watoto wa chuo wanajua kuandika kwenye ubao kwa wino. Waambie kwamba Warumi nao walifanya hivyo. Barua moja ni ya Claudia Severa akimwalika rafiki yake Sulpicia Lepidina kwenye sikukuu ya kuzaliwa kwake, tarehe 11 Septemba. Karani ameandika sehemu kubwa, kisha mwenyewe akaongeza mistari ya mwisho kwa mkono wake: sperabo te, soror. Nitakutazamia, dada. Hawakuwa ndugu wa tumbo moja, na watoto wako hawatahitaji kuelezwa kwa nini amemwita dada. Barua nyingine inataja soksi, ndara na nguo za ndani alizotumiwa askari. Waandike na wao mwaliko wa harusi au Maulidi kwa maneno machache wanayoyajua: veni, soror, veni, frater.

Siku mvua inaponyesha na nusu ya darasa haipo, fanya somo la vitu vya nyumbani. Meza imetoka kwa Wareno, waliofika Malindi 1498, nao waliipata kwenye mensa ya Kilatini; leso ina ukoo na linteum, kitambaa cha kitani; almari ni armarium. Kwa njia ya Waarabu zikaja sabuni (sapo), dinari (denarius) na kasri (castrum). Na kalenda ukutani: septem ni saba, octo nane, novem tisa, decem kumi, ingawa Septemba ni mwezi wa tisa. Waache wabishane kidogo kabla hujawaambia kwamba mwaka wa kale wa Roma ulianza Machi.

Kuhusu wewe kutokijua Kilatini sana: jifunze ukiwa masomo mawili matatu mbele yao, na wakikuuliza usilolijua tafuteni pamoja. Kama simu yako ina intaneti, maktaba ya Perseus ya Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, ina matini nyingi za Kilatini na kamusi bila malipo. Vipindi viwili kwa wiki, nusu saa kila kimoja, vinatosha. Wana chuo, wana kazi za nyumbani, na Ijumaa waachie. Mitihani usiwape. Mwisho wa muhula waigize kisa mbele ya wazazi.

Na lengo la mwaka mzima liwe dogo, lenye kushikika. Phaedrus, mtunzi wa karne ya 1, aliandika kwa Kilatini kisa cha mbweha aliyeruka na kuruka kuzifikia zabibu, akashindwa, akaondoka akisema nolo acerbam sumere, sitaki kuchukua lililo kali. Watoto wako watakumaliza kabla hujamaliza: sizitaki mbichi hizi! Masimulizi yenyewe ni mistari minne mpaka mbweha anapoondoka. Wakifika Novemba wakaweza kuisoma kwa sauti, wakakuonyesha -am kwenye acerbam na kukueleza kwa nini ipo pale, na mmoja akacheza mbweha, mwaka wako umekwenda vizuri. Wingi, na ile hali ya tatu, jarri yao, viachie gredi ya 6.

Kipindi cha kwanza usibebe kitu zaidi ya chaki. Surgite, sedete, ambula, kisha ile safu ya napenda na amo. Niandikie baada ya wiki tatu uniambie walikwama wapi. Ukiweza, piga picha ubao uniambatishie, nitakujibu sentensi kwa sentensi.